Nani anamlipa anayesubiri moshi uishe?

Kila duara (shimo la wachimbaji wadogo) likititia, au watu wakikutwa wamekufa chini kwa kukosa hewa, nikiingia mtandaoni nakuta maneno yaleyale, eti hawa watu hawana elimu, eti tamaa ya dhahabu, eti wangevaa helmeti wangepona, na anayeandika ni mtu ambaye hajawahi kushika hata kamba ya winchi ya kuvutia mawe juu. Inaniuma kila mara. Nimezaliwa huku kanda ya ziwa, nimeshuka chini nikiwa na miaka 19, baadae nikasomea mambo ya usalama kazini, nikafanya miaka saba kwenye mgodi mkubwa na saivi nazunguka kwenye vikundi vya wachimbaji wadogo, na nasema bila kumung'unya maneno kwamba wengi niliowaona wakifa au wakiponea chupuchupu walikuwa wanaijua hatari yao vizuri kuliko sisi tunaokwenda kuwafundisha. Walichokosa ni kitu kingine, na ndo nataka kukisema leo, mnivumilie maana ntakuwa mrefu kidogo.

Duara nililoanzia lilikuwa na kina cha kama mita 40 hivi, unashuka kwa kamba na ngazi za miti, ukifika chini kuna njia inamfuata mwamba wenye dhahabu (huku tunasema unamfuata mwamba, utadhani ni mtu) na mwisho wake hakuna pa kutokea, ni ukuta. Kazi yangu ilikuwa kubeba mawe kutoka mbele kuyaleta kwenye winchi. Aliyenifundisha kila kitu tulikuwa tunamwita Mjomba, hakuwa mjomba wangu wa damu ila alikuwa mkubwa kwetu wote na ndo alikuwa blasta wetu, yeye ndo anachaji matundu, anawasha utambi na anatoka wa mwisho. Mtu makini sana yule. Hakuna siku alituruhusu kwenda mbele bila kugonga paa kwa mtaimbo kwanza, anagonga anasikiliza, jiwe zima linalia kali kama chuma na jiwe lililoachia linatoa sauti nzito ya debe tupu, akiisikia hiyo anasema "dogo rudi nyuma" na hasemi mara mbili.

Siku hiyo tulilipua saa 4 asubuhi. Mfadhili wa duara, yule anayetoa hela ya kuchimba, alikuwa juu, kaja na gari la kubebea mawe, kwenye karasha (mashine ya kusaga mawe) kashaweka foleni, na zamu ya pili ilikuwa inaingia saa 6. Utaratibu wa pale ulikuwa hivi, mawe utakayokuwa umeyatoa mpaka zamu yako inaisha ndo yanaingia kwenye mgao wenu, yatakayobaki chini ni ya wanaoingia. Kwa hiyo sisi ndo tumetoboa, sisi ndo tumelipua, ila tukichelewa kuyatoa wanakula wenzetu. Mjomba akasema tusubiri. Mfadhili hakugomba wala hakumtukana mtu, ukweli lazima niuseme, aliangalia tu saa. Na sisi tukaangalia saa. Ilipofika kama dakika ishirini Mjomba akashusha kibatari kwa kamba mpaka chini, kikawaka vizuri kabisa, tukasema hewa ipo. Akashuka.

Hakuvuta kamba ya ishara. Tukaita, kimya. Mdogo wake akashuka kumfuata, hakuna aliyemtuma, nani angemzuia, ni ndugu yake yule, naye kimya. Wa tatu nilikuwa mimi, nimeshajifunga kamba tayari, mzee mmoja wa pale akanishika mkanda wa suruali akanivuta nikakaa chini, nikamtukana, nikalia, nikampiga kiwiko, hakuniachia. Ndo maana niko hai naandika.

Waliwatoa jioni. Hawakuwa na jeraha hata moja. Watu wakaanza kusema mambo ya mizimu ya lile duara, kwamba halikuchinjiwa, na mimi niliamini kwa miaka kadhaa maana sikuwa na maelezo mengine, kibatari si kiliwaka?

Kile kibatari nilikuja kukielewa nikiwa darasani, na nikatoka nje nikakaa chini ya mti mpaka kipindi kikaisha. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9. Moto wa kibatari au mshumaa unazimika oksijeni ikishuka kwenye kama 16 hivi, kwa hiyo kibatari kinakwambia habari ya oksijeni tu basi. Moshi wa baruti una kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu, haiwashi macho, na inaishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoshika. Sehemu 1,200 tu kwenye milioni ya hewa, yaani asilimia 0.12, hicho tayari kinahesabiwa ni kiwango cha hatari ya papo kwa papo kwa uhai wa mtu, na kwa kiwango hicho kibatari hakitingishiki hata kidogo. Moto unawaka na mtu anakufa pembeni yake. Kama kuna kijana anasoma hapa na kwenye duara lenu mnapima hewa kwa mshumaa au kiberiti, naomba leo hii uwaambie wenzako, kifaa cha kupima gesi ndo kinajua, moto haujui.

Na kuna kitu kingine watu hawakijui. Hiyo gesi uzito wake unakaribiana sana na wa hewa, kwa hiyo haipandi juu ikatoka yenyewe wala haitulii chini, inakaa palepale mwisho wa njia mpaka kitu kiisukume. Ndo maana ile nusu saa ya kusubiri baada ya kulipua, inayotajwa kila mahali, inanipa mashaka, nusu saa kwenye njia inayopitisha hewa ni sawa lakini nusu saa kwenye njia iliyofungwa mbele bila feni wala hewa ya kompresa ni kama hujasubiri kitu, unaweza kukaa masaa na bado ipo. Halafu ule moshi wenye rangi ya kahawia, huo ni mwingine, naitrojeni dayoksaidi, huo unachoma mapafu taratibu, mtu anakohoa kidogo, anajisikia nafuu, anaenda nyumbani anakula ugali wake na usiku mapafu yanajaa maji. Ukiuvuta ule nenda hospitali hata kama unajiona mzima, na waambie umevuta nini, usiseme tu kifua kinabana.

Sasa turudi kwenye saa ya Mjomba. Yeye alijua lazima asubiri. Alitufundisha sisi kusubiri! Ila kusubiri kwake kulikuwa kunakula mfuko wake na mifuko ya watu kumi na wawili waliokuwa wanamwangalia. Ukitaka kuelewa usalama wa kazi za hatari anzia hapa, karibu kila kinga unayoijua ukiifungua ndani ni muda. Kusubiri moshi utoke. Kusubiri matimba, yaani miti ya kushikilia paa, yaje ndo mchimbe mbele. Kusubiri udongo ukauke baada ya mvua, kusubiri maji ya kutobolea ili vumbi lisiruke, kusubiri mtu wa kamba afike. Kama malipo yako ni mshahara, huo muda analipa mwajiri. Kama malipo yako ni mgao wa mawe, huo muda unalipa wewe kutoka tumboni kwa watoto wako. Halafu tunakuja na vipeperushi.

Niliona tofauti nilipoenda mgodi mkubwa. Mwezi wa pili tu pale nilisimamisha kazi, kulikuwa na mlundikano wa mawe ukutani sikuupenda, mikono inatetemeka maana nilijua nitaitwa ofisini, na kweli msimamizi akaja, akaangalia, akasema sawa, akaita mashine ya kuangusha yale mawe, tukakaa kwenye chumba cha kujikinga masaa matatu tunakunywa chai. Mwisho wa mwezi mshahara ukaja uleule. Sikuamini! Wale wenzangu hawakuwa na roho nzuri kuliko Mjomba wala akili nyingi kuliko yeye. Hata kwenye mikataba ya dunia jambo hili lipo, Shirika la Kazi Duniani mkataba wake namba 155 wa mwaka 1981 ibara ya 13 unasema mfanyakazi aliyejiondoa mahali anapoamini kwa sababu za msingi kwamba kuna hatari kubwa ya karibu kwa maisha yake au afya yake, alindwe asipate madhara yasiyo ya haki kwa kujiondoa. Maneno mazuri sana hayo, lakini jaribu kuyapeleka kwa mtu wa mgao, madhara ya kwake hayaletwi na bosi mkali, yanaletwa na hesabu ya mifuko.

Tarehe 13 Januari 2024, mkoa wa Simiyu, wilaya ya Bariadi, udongo uliporomoka ukafunika wachimbaji, mwanzo ikasemwa ni watu 19 au 20 lakini miili iliyotolewa ikafika 22. Vijana wengi wao, miaka ishirini na kitu mpaka thelathini na kitu. Mkuu wa wilaya alisema eneo lilikuwa limezuiwa kwa sababu ya mvua, ofisa madini alishafika na kukataza, wao wakaingia. Nilisoma ile taarifa mara nyingi sana. Watu walikuwa wanaandika chini yake "waliambiwa hawakusikia." Walisikia. Mvua za kule kwetu zinaweza kukata wiki na wiki, na mtu aliyezuiwa hajapewa kitu cha kushika kwa hizo wiki, na kila siku anayokaa anajua kuna mwingine anaweza kuingia usiku akachukua kilicho chake. Simlaumu aliyekataza, alikuwa sahihi kabisa na angesikilizwa wangekuwa hai. Nasema katazo peke yake halina chakula.

Mfano mwingine ambao nikiwaambia watu wa mjini wanashangaa ni pampu. Kila mwaka nasikia watu wamekufa kwenye kisima au duara kwa sababu wameshusha pampu ya petroli chini, na kila mtu anauliza kwani hawajui injini inatoa moshi? Wanajua. Ila pampu ya kuvuta ikikaa juu haiwezi kuvuta maji yaliyo chini zaidi ya kama mita 7 au 8, hiyo ni sheria ya hewa yenyewe, ununue pampu kubwa namna gani haitavuta. Kwa hiyo duara la mita 20 likijaa maji, mwenye pampu ya petroli ana njia mbili, ashushe pampu karibu na maji au akae. Anashusha, anashuka nayo kuiwasha, na moshi wa injini unajaa kwenye shimo lisilo na mlango wa pili. Dawa yake ni pampu ya umeme ya kuzamishwa, inakaa ndani ya maji na jenereta inakaa juu tena mbali na mdomo wa duara, upande upepo unakoelekea. Ukienda kwa mtu kumwambia "msishushe injini" bila kumwambia maji yatatokaje, umemwambia akae njaa. Mimi saivi siendi kwenye kikundi kukataza pampu kabla sijajua ya umeme itapatikana wapi, kwa nani, kwa kukodi au kwa mkopo, na kama haipo nasema wazi haipo, tunatafuta sehemu nyingine ya kuchimba mpaka ipatikane na mgao wa hizo siku tunaupanga mapema.

Tukifundishwa usalama tunapewa ngazi moja hivi ya kinga, juu kabisa ni kuiondoa hatari yenyewe, ikishindikana badilisha kitu au njia ya kazi, ikishindikana weka kizuizi cha kiufundi kama feni au maji, halafu ndo zinakuja taratibu na mafunzo, na mwisho kabisa chini kule ndo helmeti na gambuti na barakoa. Huku kwetu tunaanzia chini. Kila mgeni anakuja na helmeti za kugawa, picha zinapigwa, na helmeti ni nzuri sijakataa, jiwe dogo likikudondokea utashukuru, lakini Mjomba alikuwa amevaa helmeti.

Suala la waokoaji linanikaa moyoni kuliko yote kwa sababu mnazozijua. Mwaka 1986 taasisi ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH, ilitoa tahadhari kwamba zaidi ya asilimia 60 ya vifo vya kwenye sehemu zilizofungika, matenki, mashimo, visima, ni vya watu walioingia kuokoa. Zaidi ya nusu! Na ukikaa ukafikiria ni watu wa aina gani hao, ni wale wema, ndugu, rafiki, yule ambaye hawezi kusimama tu akaangalia. Kwa hiyo kwenye kila kikundi ninachofanya nacho kazi siku ya kwanza kabisa tunafanya zoezi hilo, mtu anajilaza chini anakaa kimya na walio juu ruhusa yao ni mambo matatu, kuwasha feni yenye bomba lifike chini, kupiga simu, na kumvuta kwa winchi kama alishavaa mkanda wa mwili wenye kamba. Hakuna kushuka. Wanaona zoezi jepesi, halafu dakika ya tano hivi unaona mtu anaanza kusogea ukingoni. Ndo namwambia huyo, wewe ndo utakufa, tukupangie mtu wa kukushika. Na tunampanga kweli, kila zamu kuna mtu wa kushika wenzake, mara nyingi mzee, na huyo yupo kwenye mgao kamili.

Mkanda wa mwili ndo tumeugombania sana. Watu wanafunga kamba kiunoni au wanakaa kwenye kitanzi, mtu akizimia anachomoka au anakunjika katikati kama kiroba na hapiti kwenye mdomo wa duara. Mkanda unaoshika mabega na mapaja unamtoa amesimama. Hapo sina la kuongeza, nunueni.

Nirudi kwenye muda sasa, maana nimesema tatizo na mtu atauliza tumefanya nini. Kikundi kimoja ambacho nakaa nacho mwaka wa tatu huu tulikaa chini ya turubai siku mbili nzima kubishana, wachimbaji, mfadhili, mwenye leseni, mama wa chakula naye alikuwepo na ndo aliongea la maana kuliko wote, alisema "nyie mnagawana mawe, gawaneni na kukaa." Tukaanza na kitu ambacho migodi mikubwa inafanya miaka yote, kulipua mwisho wa siku. Tunatoboa asubuhi, tunachaji mchana, watu wote wanatoka, wanahesabiwa kwa tegi kwenye ubao, kila mtu anaondoa ya kwake mwenyewe kwa mkono wake hakuna kumtolea mwenzako, ubao ukibaki mtupu ndo saa 11 jioni tunalipua. Usiku feni ya jenereta inasukuma hewa masaa mawili, na asubuhi anashuka mtu mmoja na kipima gesi kwanza, amevaa mkanda, na winchi ina mtu. Hakuna anayesubiri moshi kwa sababu moshi unatoka watu wamelala.

Rahisi hivyo? Hapana. Mfadhili aligoma wiki tatu, na sababu yake ilikuwa ya maana tu, mawe yaliyolipuliwa yakilala chini usiku wezi wanaingia. Na wanaingia kweli, huku kila mtu anajua, na mwizi anayeingia saa 2 usiku kwenye duara lililolipuliwa saa 11 anaingia kwenye kaburi. Kwa hiyo ikabidi tuweke mfuniko wa chuma wenye nafasi ya bomba la hewa, kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mfadhili mwingine kwa msimamizi wa wachimbaji, haufunguki bila wote wawili. Walinzi wawili badala ya mmoja. Hela ya hayo yote inatolewa juu kabla ya mgao, pamoja na mafuta ya feni, pamoja na matimba. Hiyo "kabla ya mgao" ilichukua siku nzima ya pili ya kikao. Kabla yake matimba yalikuwa gharama ya wachimbaji na mfadhili alikuwa anachukua fungu lake safi, unategemea nini hapo, mtu atapunguza mti mmoja hapa mmoja kule mpaka paa lishuke.

Kingine tulichokubaliana ndo nakipenda zaidi, posho ya kukaa. Mtu yeyote akisema sehemu hii siingii na msimamizi wa zamu akakubaliana naye, au tukifunga kwa mvua, kila aliyefika kazini siku hiyo anapewa kiasi kidogo, hela ya kula nyumbani, kutoka kwenye mfuko ambao kila mauzo ya sokoni unachangiwa kwanza. Ni kiasi kidogo kweli sitaki kuwadanganya, ila ukimuona mtu anapokea hela kwa siku ambayo hakushuka utaelewa nazungumzia nini. Mwanzo walidhani watu wataitumia kukwepa kazi. Mpaka leo imetumika mara tisa, na mara mbili kati ya hizo paa lilishuka lenyewe ndani ya siku mbili pakiwa hapana mtu.

Mimi nilisimama pale mara ya pili, nikaangalia lile rundo la mawe lilivyokaa pale mtoboaji anaposimama, nikamkumbuka Mjomba na mtaimbo wake.

Vumbi nililiacha makusudi mpaka hapa, kwa sababu vumbi ni kusubiri kwa namna nyingine, lenyewe ndo linakusubiri wewe. Jiwe jeupe lenye dhahabu lina silika nyingi, ukilitoboa kavu linatoa vumbi ambalo lile unaloliona kwenye mwanga wa tochi siyo baya zaidi, baya ni lile dogo usiloliona linaloingia mpaka mwisho wa mapafu na halitoki tena. Mapafu yanaweka makovu. Inaweza kuchukua miaka kumi, mingine ishirini, na hakuna dawa ya kurudisha pafu, na juu yake TB inamshika mtu huyo kirahisi mara nyingi zaidi kuliko mtu mwingine. Wachimbaji wa tanzanaiti kule Mirerani wanaijua hii habari, na hospitali ya Kibong'oto kule Kilimanjaro imewahudumia wengi wao. Afrika Kusini mwaka 2019 mahakama ilipitisha makubaliano ya takriban rand bilioni 5 kwa waliougua vifua kwenye migodi ya dhahabu, na kesi ile iliwahusu watu waliofanya kazi tangu mwaka 1965, hebu piga hesabu mtu kakaa na hilo vumbi kifuani miaka mingapi ndo jina lake linaitwa.

Huku kwetu nani ataitwa? Mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF, ulianza kazi 2015 na ni kitu kizuri, mchango analipa mwajiri, mfanyakazi hakatwi hata senti. Ila mtu wa mgao hayupo kwenye orodha ya mshahara ya mtu yeyote, leo yuko duara hili kesho kasikia kuna rashi, yaani dhahabu mpya watu wanakoikimbilia, wilaya nyingine kabeba begi kaenda, akianza kukohoa miaka kumi na tano baadae yuko kijijini kwao, watu wanasema karogwa au anasema mwenyewe ni TB imerudi. Ndo maana tumeanza kuandika daftari, jina la mtu, alikuwa anatoboa au anabeba, kavu au kwa maji, kuanzia lini mpaka lini, na yeye anapiga picha ukurasa wake kwa simu yake aondoke nao. Sijui kama kuna siku utamsaidia mahali, lakini bila hata hilo hana kitu cha kuonyesha.

Na maji. Kutoboa kwa maji kunapunguza vumbi kwa kiasi kikubwa sana, drili ina njia ya kupitisha maji katikati ya chuma yakafika kwenye jiwe, wengi wanaiziba kwa sababu maji yanalowesha, yanafanya tope, kazi inapungua kasi. Inapungua kasi, ndo hilohilo neno tena. Kwetu kiangazi maji yanaletwa kwa boza na yalikuwa yanakatwa kwenye fungu la watoboaji, saivi nayo yapo juu kabla ya mgao. Siku boza lisipokuja hatutoboi, watu wanatega matimba, wanasafisha njia.

Jumatatu tunawapeleka watoboaji na wabebaji wa kikundi hicho kupiga picha ya kifua na kupimwa TB, watu 14, wengine wametoboa kavu miaka kumi kabla ya kuja kwetu na nina wasiwasi na wawili watatu hivi, mmoja wao nimemsikia anavyopumua akipanda ngazi. Nilipowatangazia jana jioni pale kwenye ubao wa tegi palikuwa kimya kidogo, halafu huyohuyo ninayemhofia akaniuliza, "kaka, na hiyo siku inahesabiwa kwenye posho?"

Nikamwambia inahesabiwa. Akaandika jina lake la kwanza kwenye karatasi, akampa kalamu aliyekuwa nyuma yake.